Lifti Kati ya Pingili ya Nne na ya Tano

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa, na mashine ya kukamua ilikuwa juu ya paa. Aliyepanga hivyo alikuwa na sababu zake. Wakati ule lifti ilikuwa nzima, na mhandisi aliona si vyema maji ya mashuka yatiririke karibu na mlango wanaoingilia wageni. Mashine ikapandishwa kwa lifti hadi paani, karibu na kamba za kuanikia, ikafungwa sakafuni kwa skrubu nene. Baadaye lifti ikaacha kufanya kazi. Mashine haikuweza kuteremshwa, kwa kuwa hakukuwa na lifti ya kuiteremshia, na mashuka yakaendelea kwenda juu, ghorofa nne, yakiwa na maji yake yote.

Aliyeyapandisha ni mwanamke waliyemwita Bi Sabuni. Siku lifti iliposimama yeye ndiye aliyekuwa karibu. Mkurugenzi alimwomba asaidie kwa siku hiyo moja, kwa sababu vitanda vilikuwa vinasubiri. Bi Sabuni alikunja shuka kuukuu likawa mshipi, akafunga furushi, akalitupa mgongoni, akapanda ngazi. Alipofika juu hakulalamika. Mkurugenzi alipomwona anateremka akijifuta jasho tu, bila neno, alimwambia fundi lifti kwamba hakuna haja ya kukimbizana. Fundi lifti alikuwa mtu wa kutii, na tangu siku ile hajakimbizana.

Miaka ikapita hivyo. Kwenye mlango wa lifti palining'inizwa kibao cha HAIFANYI KAZI, na kibao chenyewe kikachakaa kikabadilishwa mara kadhaa. Wenye nyadhifa walipanda ngazi taratibu, mikono mitupu, wakisema mazoezi ni afya.

Nyumbani kwa Bi Sabuni kulikuwa na viti vingi kuliko watu, kwa sababu mumewe alikuwa seremala wa viti. Hapo ndipo shida ilipojulikana. Maumivu yalianza kiunoni upande wa kushoto, yakashuka kwenye paja, yakapita nyuma ya goti, yakaishia kwenye kidole gumba cha mguu, ambacho kikawa kama si chake. Kusimama aliweza. Kutembea aliweza kwa kuchechemea. Kulala aliweza akijipinda kama ndoana. Alichoshindwa kabisa ni kuketi. Akawa anakula amesimama dirishani, sahani mkononi, kama mtu anayevizia basi.

Seremala hakukata tamaa. Alimtengenezea kiti chenye mgongo wa mviringo, kisha stuli ndefu, kisha kiti kifupi, kisha kingine chenye tundu katikati, ambacho hakikufaa kwa matumizi yoyote yanayotajika.

"Jaribu hiki," alimwambia jioni moja, akikifuta kiti kipya kwa kiganja.

Bi Sabuni aliketi. Aliinuka kabla ya kumaliza kuvuta pumzi.

"Vipi?"

"Kizuri."

"Kizuri vipi na umekikimbia?"

"Kizuri kwa macho."

Jirani mmoja aliyekuja kununua kiti alimwona Bi Sabuni amesimama katikati ya viti vyote vile. Akamuuliza seremala, "Fundi, mimi nitavinunuaje na mkeo mwenyewe kavigomea?" Tangu hapo seremala akawa anawaambia wateja kwamba mkewe ni mtu wa heshima zake, haketi mbele ya wageni. Mbele yao alicheka. Wakishaondoka alikaa peke yake juu ya kiti kimojawapo, akamtazama mkewe mgongoni.

Bi Sabuni alitamani kuketi kama watu wengine wanavyotamani safari. Alitamani kuketi kwa kujisahau, kukunja mguu mmoja, kuchambua mchele hadi uishe, kuchoka kuketi na kuhamia kiti kingine. Usiku aliota ameketi. Hakuota kitu kingine chochote. Hakuna aliyemjia ndotoni, wala hakuzungumza. Aliketi tu, hadi asubuhi.

Kisha ikaanza ile sauti. Kila alipoinama na kunyooka, kitu fulani chini ya kiuno chake kililia, ting, kwa sauti nyembamba na safi.

"Simu yako inalia," seremala alimwambia.

"Si simu."

"Ni nini basi?"

"Ni mgongo."

"Basi upokee. Huenda ni kazini."

Kule kazini nako ilisikika. Bi Sabuni alipopanda ngazi na furushi lake, mgongo ulilia ting kwenye kila ghorofa, na wagonjwa waliosimama kwenye kikomo cha ngazi walijisogeza pembeni kidogo, bila kufikiri, kama watu wanaopisha wengine watoke. Aliyekuwa akipiga pasi mashuka yaliyorudi kutoka juu, ambaye wote walimwita Dada wa Pasi, ndiye aliyemshika mkono siku moja na kumpeleka kwa daktari.

"Daktari yuko ghorofa ya tatu na wewe uko hapa chini unakufa kidogo kidogo," alimwambia. "Umempelekea mashuka miaka yote hii. Leo mpelekee na huo mgongo."

Daktari wa upasuaji wa mgongo aliitwa Daktari Tundu. Jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa amesomea namna ya kutibu uti wa mgongo bila kumpasua mtu kama samaki, kupitia tundu dogo tu, na habari za tundu hilo alizizungumza kila mahali, hata harusini. Alimlaza Bi Sabuni chali, akamwinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika mbali. Alimwambia ainue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wake, na kidole kikajaribu, kikashindwa.

"Mama, sikiliza," alisema. "Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kisahani laini. Kifikirie kama godoro dogo. Chako, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, kimebanwa mpaka cha ndani kimetokeza nje. Kikitokeza kinaukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana kiuno kimeumia, lakini kidole ndicho kinacholia."

"Kinacholia ni kiuno," alisema Bi Sabuni, akajinyoosha kidogo. Ting.

Daktari Tundu alisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo, akampeleka kupigwa picha. Picha ilipokuja aliiweka kwenye taa, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Kwa kawaida kisahani hakina pembe," alisema. "Hiki kina pembe nne."

"Labda ni uzee."

"Labda." Aliizima taa. "Sitakupasua sana. Nitatoboa tundu dogo pembeni mwa mgongo, kama la kupitishia kifungo cha shati. Hapo napitisha bomba jembamba, ndani ya bomba kuna kamera na koleo. Hutalala usingizi mzito, tutakutia ganzi mahali penyewe tu, ili uniambie mguu unasikiaje. Siku hiyo hiyo utatembea."

"Na kuketi?"

"Utaketi mpaka uchoke."

"Nikichoka?"

"Utasimama, mama. Kama watu wote."

Siku ya upasuaji Bi Sabuni alilazwa kifudifudi juu ya shuka alilolipandisha mwenyewe wiki iliyotangulia. Lilikuwa limekauka vizuri. Uso wake uliingizwa kwenye mto wenye uwazi katikati, akawa anaona sakafu na viatu vya watu. Kwa hiyo mambo yote yaliyofuata aliyajua kwa masikio na kwa viatu.

Daktari Tundu alimdunga sindano ya ganzi, akasubiri, akatoboa tundu lake, akapitisha bomba. Kwenye skrini kulionekana kwanza wekundu, kisha maji safi yakisukumwa ndani kuosha njia, kisha weupe wa mfupa. Alisogeza kamera kidogo. Mbele kukawa na mwanga. Daktari aliizima taa ya kamera ili ahakikishe, na skrini ikabaki na mwanga vile vile.

Kati ya pingili ya nne na ya tano, ikiwa imejibana upande mmoja juu ya mshipa wa fahamu, kulikuwa na lifti. Milango yake miwili ya chuma ilikuwa imefungwa. Juu ya milango zilikuwapo namba za ghorofa, na ya kwanza ilikuwa inawaka.

"Muuguzi," alisema Daktari Tundu, "niitie fundi lifti."

"Yule wa jengo?"

"Kwani tunaye mwingine?"

Fundi lifti alikuja amevalishwa gauni la kijani mbele nyuma, na kofia imemshukia masikioni. Aliisogelea skrini kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa ndugu yake hospitalini.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Oneni ule mkwaruzo mlangoni. Ule ni wa kitanda cha wodi ya wanaume, walikiingiza kwa pupa. Mimi niliwaambia."

"Ulijua imetoka mahali pake?"

"Nilifungua shimo nikakuta tupu. Nikamwambia mkurugenzi, lifti haimo. Akasema niandike kwamba ipo kwenye matengenezo."

"Ukaandika?"

"Nikaandika. Nilidhani yeye anajua ilipo."

Daktari Tundu aliuliza imefikaje huku, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya kwenda posta. Fundi lifti alifikiri kidogo.

"Lifti inakwenda inakoitwa, daktari. Haina akili nyingi. Kule ukutani hakuna aliyeibonyeza tena. Mizigo yote ilikuwa inapanda huku kwa mama. Sasa wewe ungekuwa lifti ungefanyaje?"

Daktari alikiri kwamba hata yeye angehama.

"Jamani," alisema Bi Sabuni kutoka ndani ya mto, "mnazungumza nini huko juu?"

"Tumeona kinachokuuma, mama," alisema muuguzi, akimpapasa bega. "Ni lifti."

"Nilihisi ni kitu kizito," alisema Bi Sabuni.

Mkurugenzi aliletewa habari, naye akaja. Bi Sabuni alivijua viatu vyake, vilikuwa vyeusi na vya kung'aa, na kwenye ngazi alizoea kuviona vikimpisha. Mkurugenzi alisimama mbele ya skrini muda mrefu, mikono nyuma.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Kuliko ilivyokuwa ukutani," alisema fundi lifti. "Haina kutu. Kamba zake safi. Huko ndani kuna joto zuri."

"Sasa kama inafanya kazi, mnaitoa ya nini?"

Mkurugenzi aliinama karibu na kichwa cha mgonjwa, akalainisha sauti.

"Bi Sabuni."

"Naam, bosi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

"Unajua hospitali yetu haina lifti nyingine."

"Najua. Mimi ndiye ninayepanda ngazi."

"Basi ndiyo hii peke yake, na nzima. Daktari akiitoa hatujui itakuwaje huko nje. Akiiacha, angalau tunajua iko wapi. Taasisi ingekushukuru sana. Tungekutaja kwenye mkutano."

Bi Sabuni aliitazama sakafu. Palikuwa na tone la maji karibu na kiatu cha mkurugenzi, na ndani ya tone aliona taa ya chumba, ndogo na ya mbali. Ganzi ilikuwa imemtuliza kiuno, lakini mguu wa kushoto ulikuwa unawaka kama siku zote.

"Mimi nataka kuketi, bosi," alisema.

"Kuketi kutakuja tu, mama. Vuta subira."

"Nimeivuta. Nimeivuta nikiwa nimesimama."

"Mpaka nitakapombandika plasta, huyu ni mgonjwa wangu," alisema Daktari Tundu, bila kugeuka. "Fundi, milango inafunguliwaje kwa nje?"

"Kuna kitufe pale kulia. Bonyeza mara moja. Ukibonyeza mara nyingi haiji haraka zaidi, watu hawaelewi tu."

Daktari alipeleka ncha ya koleo, akabonyeza mara moja. Mgongo wa Bi Sabuni ulilia ting, na milango ikafunguka.

Ndani ya lifti mlikuwa na watu. Walisimama wima wakiangalia namba za juu, na hakuna aliyemsemesha mwenzake, kama ilivyo desturi ya lifti. Kwenye skrini walionekana vizuri, ingawa kwa kweli kila mmoja hakuzidi punje ya mchanga. Mbele alikuwa muuguzi mkuu na kikombe cha chai. Kando yake alisimama mhandisi wa zamani, aliyekwisha kustaafu, amekumbatia michoro yake. Fundi lifti alikuwemo na sanduku lake la vifaa, limefungwa. Daktari Tundu mwenyewe alikuwemo, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, anamweleza mtu asiyemsikiliza habari za tundu. Nyuma kabisa, ameshikilia chuma cha ukutani, alikuwa mkurugenzi.

Chumbani fundi lifti alivua kofia.

"Wamo watu?" aliuliza Bi Sabuni.

"Wamo," alisema muuguzi.

"Akina nani?"

"Wafanyakazi tu."

"Wa ghorofa ya ngapi?"

Muuguzi aliwatazama mmoja mmoja. "Wa ghorofa zote," alisema.

Wale wa ndani walichungulia nje, wakaona si ghorofa yao, wakarudi nyuma kungoja. Daktari Tundu alielewa kwamba hawatatoka wenyewe. Kwa hiyo akafanya kama afanyavyo kwa kisahani chochote kilichotokeza, akawatoa kidogo kidogo kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, na kila mara akauliza mguu unasikiaje.

Alipotoka muuguzi mkuu, Bi Sabuni alisema paja limepoa. Alipotoka mhandisi, alisema nyuma ya goti kumelegea. Daktari alijitoa mwenyewe kwa uangalifu mkubwa kuliko wengine, akajiweka kwenye kipande cha shashi, na Bi Sabuni akasema hapo hakusikia tofauti sana, labda kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza daktari.

"Kidogo tu, daktari. Usijali."

Fundi lifti mdogo alipotolewa, fundi mwenyewe aliomba akabidhiwe mkononi, akafunga ngumi taratibu, akasema samahani, bila kuonyesha anamwambia nani.

Akabaki yule wa nyuma. Koleo lilimshika kiunoni, naye hakuachia kile chuma.

"Huyo si angebaki?" alisema mkurugenzi. "Yeye anashikilia tu. Hana uzito."

"Ana uzito, bosi," alisema Bi Sabuni. "Namjua. Ndiye anayepanda mpaka juu."

Mkurugenzi alirekebisha tai yake. Kwenye skrini yule mdogo naye, kwa mkono mmoja, alirekebisha tai yake, na hapo Daktari Tundu akamvuta. Lifti tupu ilitikisika, ikaachia mahali ilipojikwamia, ikaja yenyewe hadi mdomoni mwa bomba. Ilikuwa kama punje ya hindi. Ilipita kwa shida. Nyuma yake, kwenye skrini, mshipa wa fahamu ulionekana mweupe na mnene, umelala kwa raha, unapigapiga kufuata moyo.

"Inua kidole gumba, mama."

Kidole kiliinuka. Kiliinuka kwa nguvu, kama kilikuwa kinangoja kuulizwa.

Walichotoa kilipelekwa maabara, kama inavyotakiwa kwa kila kinachotoka mwilini mwa mtu, isipokuwa yule fundi lifti mdogo, kwa kuwa fundi mwenyewe alikataa kufungua ngumi. Majibu yalirudi yakisema kwamba vyote vilivyoletwa ni vya kawaida.

Saa za mchana seremala aliingia wodini na kiti begani. Hakikuwa na tundu wala mviringo. Kilikuwa kiti cha miguu minne, cha aina anayowauzia watu wote. Alikiweka kando ya kitanda, akakitikisa kuona kama kimetulia, akasogea nyuma.

Bi Sabuni aliteremka kitandani kama alivyofundishwa, ubavu kwanza. Plasta ya tundu lake ilikuwa ndogo kuliko ile waliyombandika alipodungwa sindano mkononi. Akageuka. Akaketi.

Seremala alisubiri ainuke. Hakuinuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuza kichwa kuangalia, kisha akachoka kuangalia, akarudi kulala. Bi Sabuni alikunja mguu mmoja, akaukunjua, akakunja mwingine. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mumewe aliangalia dirishani ili asimsumbue.

"Vipi?" hatimaye aliuliza.

"Kiti chako kinalia."

"Kinalia?"

"Ukiegemea. Kinasema nyee."

"Miaka yote hii viti vyangu vinalia na hukuniambia?"

"Sijawahi kukaa muda wa kusikia."

Seremala alipiga magoti, akaukagua mguu wa nyuma wa kiti kwa kidole, akasema atautia gundi. Alibaki pale chini muda mrefu kuliko mguu wa kiti ulivyohitaji.

Lifti ilirudishwa shimoni. Fundi lifti aliishusha kwa uzi hadi chini, akafunga mlango, akasubiri. Kwa kuwa ilikuwa nyumbani, ilivimba kidogo, ikafika ukubwa wa kikombe cha chai, ikaishia hapo. Ukibonyeza kitufe ilikuja, ikafungua milango yake midogo, na taa yake ikaonekana katikati ya giza kubwa la shimo kama kibiriti kilichowashwa uwanjani. Ilifika ghorofa zote nne bila kukwama. Mkurugenzi aliagiza kile kibao kiondolewe, na kwenye mkutano akatangaza kwamba lifti imerudi. Watu walipiga makofi. Mmoja aliuliza kuhusu mpango wa kununua lifti mpya, na mkurugenzi akamjibu kwa upole kwamba hospitali yenye lifti inayofanya kazi haiwezi kuomba nyingine. Jambo hilo lilieleweka.

Bi Sabuni aliporudi kazini, Daktari Tundu alikuwa amekwisha kusema asiinue kitu kizito kuliko birika. Mkurugenzi alilitekeleza agizo hilo kikamilifu. Alimfanya mwendesha lifti. Aliwekewa kiti cha plastiki mbele ya mlango wa shimo, chini karibu na ngazi, na kazi yake ikawa kupokea vitu vya kwenda juu, kuviweka ndani na kubonyeza. Kitu kisizidi ukubwa wa yai. Alipeleka vidonge, vifungo, pini, na mara moja miwani, kioo kimoja kimoja.

Aliketi kuanzia asubuhi hadi kazi inapoisha. Akichoka alisimama.

Mashuka sasa yalipandishwa na Dada wa Pasi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Asubuhi moja alitoka chumba cha kufulia na furushi mgongoni, maji yanamdondoka visigino, akasimama mbele ya kile kiti kupumua.

"Naona ufalme umekukubali," alisema.

"Umenikubali. Njoo ujaribu na wewe."

"Nikiketi na mzigo huu, sitainuka."

"Uteremshe."

"Nikiuteremsha nani atanipandishia? Wewe?"

Bi Sabuni aliinuka, akanyoosha mikono chini ya furushi. Dada wa Pasi alimpiga kofi la mkono, si la kuumiza.

"Koma! Daktari kakwambia nini? Ukilazwa tena, hilo ni shuka jingine la kupandisha. Nani atalipandisha? Si mimi?"

Bi Sabuni alirudisha mikono. Alimwekea mwenzake mshipi sawa begani, akaukunja upande uliokuwa unamkata shingo. Hakuwa na kingine cha kumsaidia. Kutoka ghorofa ya nne mkurugenzi aliita kwamba anahitaji kibanio cha karatasi, kimoja. Bi Sabuni alikichukua kwenye kikopo, akakilaza ndani ya lifti, akabonyeza kitufe mara moja. Dada wa Pasi aliinama mbele, akaukaza mzigo, akakanyaga ngazi ya kwanza.

Vikapanda pamoja, kibanio ndani ya ukuta na mashuka nje yake. Bi Sabuni aliketi akasikiliza vyote viwili, mota ndogo ikiimba upande mmoja na maji yakidondoka upande wa pili. Lifti ilifika kwanza. Mkurugenzi alikitoa kibanio chake, akasema kwa sauti iliyosikika ngazi zote hadi chini kwamba tangu lifti irudi, kazi imekuwa nyepesi kwa kila mtu.

Wakati huo Dada wa Pasi alikuwa anaingia ghorofa ya pili.